Sura ya Sita: Kifaa Kimoja, Kazi Nne

Osiri Matanda, huko Nyatike katika kaunti ya Migori, mali huhesabiwa kwa mashimo. Watu hutaka kujua shimo hili ni la nani, limeelekea wapi na limelikaribia la jirani kwa kiasi gani. Dhahabu ya ukanda huu ilichimbwa na makampuni wakati wa ukoloni, na mgodi wa Macalder, uliopo Nyatike hiyohiyo, ulitoa dhahabu na shaba hadi miaka ya 1960. Makampuni yalipofunga virago, uchimbaji ulibaki mikononi mwa wenyeji na wageni waliofuata mwamba kwa sururu, kamba na taa ya kichwani.

Sheria ya Madini ya mwaka 2016 iliwafungulia wachimbaji hawa njia ya kuomba kibali kupitia kaunti. Kibali hutolewa kwa eneo, eneo huelezwa kwa pembe zake, na pembe huandikwa kwa tarakimu. Ndiyo maana kifaa kidogo cha GPS, mara nyingi Garmin eTrex au GPSMAP iliyonunuliwa mitumba, kimekuwa na kazi mahali ambapo barabara za kuendeshwa kwa ramani ni chache. Kikundi kinachotaka kibali hukihitaji. Mwenye shamba anayekodisha ardhi yake kwa wachimbaji hukihitaji pia, sawa na afisa wa mazingira anayefuatilia mahali zebaki inapotumika.

Kifaa hicho kikishakaa miaka miwili mitatu, mtu atasema kinahitaji kusasishwa. Mwenyewe atakitia mfukoni, apande pikipiki hadi saiba mjini, amkabidhi kijana aliyekaa nyuma ya kompyuta. Kijana atachomeka kebo, atazame kioo, kisha aulize: "Mzee, tusasishe nini hapa?"

Swali hilo ndilo sura hii. Neno kusasisha hubeba kazi nne tofauti, kila moja ina programu yake, na hasara nyingi hutokana na kutumia programu ya kazi moja kufanya nyingine. Kazi ya kwanza ni mfumo unaoendesha kifaa chenyewe. Ya pili ni habari za satelaiti. Ya tatu ni ramani. Ya nne ni pointi zako, yaani alama ulizohifadhi kwa miguu yako mwenyewe. Tatu za kwanza hutoka kiwandani au angani, na zikiharibika unaweza kuzipata tena. Ya nne haina duka.

Mfumo wa kifaa

Ndani ya kila GPS mna programu endeshi inayosoma mawimbi ya satelaiti, inayochora kioo na inayojua kitufe gani hufanya nini. Kwa vifaa vya Garmin vya miaka ya karibuni, programu ya kompyuta inayoisasisha ni Garmin Express, inayopatikana bure kwa Windows na Mac. Ukiunganisha kifaa kwa kebo ya USB, huisoma namba yake, huuliza seva ya kampuni kama kuna toleo jipya, hulipakua na kuliweka. Faili la sasisho hukaa ndani ya folda iitwayo Garmin kwa jina la GUPDATE.GCD. Ukizima kifaa na kukiwasha tena, hulikuta faili hilo na kuanza kujisakinisha. Dakika hizo chache kisiguswe, na betri ziwe mpya. Umeme wa betri ukikata katikati, kifaa kinaweza kugoma kuwaka kabisa.

Vifaa vya zamani vina mambo yake. Garmin GPS 12 ya miaka ya 1990 na eTrex ya kwanza ya rangi ya manjano, ya mwaka 2000, havina USB. Huunganishwa kwa kebo ya serial yenye pini, ambayo laptopu za leo hazina mahali pa kuichomeka bila adapta. Vilisasishwa kwa programu za zamani zilizotangulia Garmin Express. Anayekuuzia eTrex hiyo ya kwanza na kukuahidi kwamba Express itaitambua, hajawahi kujaribu.

Kampuni nyingine zina njia zao, na hazichanganyiki. Magellan waliandaa VantagePoint kwa ajili ya vifaa vya eXplorist. TomTom, wanaojulikana zaidi na madereva, walikuwa na TomTom HOME kwa vifaa vya zamani na MyDrive Connect kwa vilivyofuata. Kabla ya kupakua chochote kwa bando lako, geuza kifaa, soma jina la modeli mgongoni, ndipo utafute programu inayolingana nalo.

Je, ni lazima kusasisha mfumo? Ikiwa kifaa kinawaka, kinashika satelaiti na kuhifadhi pointi, mara nyingi hakuna haraka. Sababu kubwa ya kufanya hivyo ni kasoro inayojulikana, na kasoro mashuhuri kuliko zote ni ya kalenda.

Satelaiti na tarehe

Satelaiti za GPS huzunguka kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, na kifaa huhitaji angalau nne ili kijue kilipo pamoja na kimo chake. Ili kijue zitafutwe upande gani wa anga, huhifadhi orodha ya mizunguko yao. Orodha kamili hutangazwa na satelaiti zenyewe, na kuipokea yote huchukua dakika 12 na nusu. Hapa ndipo watu hupoteza pesa bure. Kifaa kilichofungiwa sandukuni miezi sita, kikiwashwa ndani ya duka la mabati, hakishiki kitu, na mwenyewe hukimbilia saiba. Dawa yake ni kukiweka juu ya jiwe mahali peupe, mbali na mti na ukuta, na kukiacha robo saa au nusu saa. Baadhi ya vifaa vipya hupokea kupitia Garmin Express utabiri wa mizunguko ili vishike haraka zaidi, lakini hata visipoupata, anga itavipa vinachohitaji.

Kalenda ni jambo jingine. Mfumo wa GPS huhesabu wiki kuanzia tarehe 6 Januari 1980, na namba ya wiki katika ujumbe wake wa asili hufika 1,023 kisha hurudi sifuri. Ilirudi sifuri mara ya kwanza usiku wa kuamkia 22 Agosti 1999, na mara ya pili usiku wa kuamkia 7 Aprili 2019. Itarudi tena Novemba 2038. Kifaa ambacho mfumo wake haukuandaliwa kwa zamu hiyo huendelea kuonyesha mahali sawasawa, ila tarehe hurudi nyuma wiki 1,024. Vingine hukosea siku tofauti na hizo, kulingana na jinsi mfumo wao ulivyoandikwa.

Chukua mfano wa pointi iliyopigwa Jumatatu, 10 Juni 2024. Kifaa chenye kasoro hiyo kitaiandika 25 Oktoba 2004, ambayo nayo ilikuwa Jumatatu. Siku ya wiki hubaki ileile, kwa hiyo kosa halirukii macho. Kwa mtu anayetembea msituni si neno. Kwa kikundi kinachotaka kuonyesha kwamba kilikuwa kwenye eneo fulani kabla ya kingine, faili linalosema 2004 wakati kikundi kiliundwa juzi litazua maswali mengi kuliko litakayoyajibu. Kabla ya kazi, linganisha tarehe ya kifaa na ya simu yako. Zikitofautiana kwa miaka kumi na tisa na ushei, hapo ndipo sasisho la mfumo lina maana, kama kampuni ililitoa kwa modeli hiyo.

Ramani

Watu wengi wakisikia kusasisha GPS, hufikiria ramani, na kwa dereva wa lori la Nairobi ni kweli. Kwa Osiri, ramani ndiyo kazi yenye faida ndogo kuliko zote nne. Ramani za barabara zinazouzwa na Garmin ni kubwa, huweza kula gigabaiti kadhaa za bando, na zimechorwa kwa ajili ya magari ya mijini. Njia ya miguu kati ya mashimo haimo. Tracks4Africa, kampuni ya Afrika Kusini, huuza ramani zinazojali zaidi barabara za vumbi za bara hili. Kisha ipo OpenStreetMap, ramani ya bure inayochorwa na watu wa kawaida, iliyopata umaarufu Kenya kuanzia mradi wa Map Kibera mwaka 2009. Takwimu zake hugeuzwa kuwa ramani ya Garmin kwa programu ya bure iitwayo mkgmap.

Programu za kuhamisha ramani zimebadilika na nyakati. MapSource ilikuwa ya kwanza kuzoeleka, ikafuatwa na BaseCamp pamoja na MapInstall. Garmin wameacha kuiendeleza BaseCamp, ingawa wengi bado wanaitumia kwa sababu inafanya kazi bila intaneti. Jambo la kujihadhari nalo ni hili: ramani huwekwa kwenye kadi ya kumbukumbu kwa faili liitwalo gmapsupp.img. Vifaa vya zamani husoma faili moja tu lenye jina hilo, na MapInstall ikiandika ramani mpya, hufuta ile iliyokuwepo. Mtu aliyenunua ramani ya Tracks4Africa, kisha akaomba saiba imwekee ya bure juu yake, anaweza kuondoka na moja pekee. Kabla ya kuongeza, nakili faili la kwanza kwenye kompyuta.

Na eTrex 10, iliyo rahisi na maarufu tangu 2011, haina hata nafasi ya kadi. Ina ramani ya msingi ya dunia, yenye maelezo machache mno. Hapo maneno ya kuuziwa ramani yaishe mapema.

Pointi

Sasa tufike kwenye mali yenyewe. Pointi ni jina ulilolipa mahali, pamoja na latitudo, longitudo na wakati. Ukipiga pointi kwenye mdomo wa shimo, ndio mwisho wa uwezo wa GPS hapo. Mawimbi yake hayapenyi mwamba, na kifaa hakitakueleza njia ya chini kwa chini imefika wapi. Hata juu, kifaa cha mkononi hukosea mita tatu hadi tano kukiwa na anga nzuri, na mashimo mawili yanaweza kukaribiana kuliko hivyo. Tumia chaguo la kuwastanisha pointi: kifaa hupima mara nyingi mahali palepale na kuchukua wastani. Rudi baada ya saa moja na nusu urudie, satelaiti zikiwa zimehama.

Jinsi ya kuzitoa pointi hutegemea umri wa kifaa. Vipya, kama eTrex 10 na GPSMAP 64, ukivichomeka hujitokeza kwenye kompyuta kama flashi. Fungua folda ya Garmin, kisha GPX. Utakuta faili linaloanza na neno Waypoints na tarehe, na ndani ya folda nyingine faili liitwalo Current.gpx, lenye njia uliyotembea karibuni. Buruta yote hadi kwenye kompyuta, na kazi imekwisha. Hukuhitaji programu yoyote wala intaneti.

Lifungue mojawapo ya mafaili hayo kwa kihariri cha kawaida cha maandishi, uone. Kila pointi huanza na herufi wpt, ikifuatwa na lat na lon zenye desimali, kisha wakati, kisha jina ulilotia, labda SHIMO7. Hakuna siri. Muundo huu, GPX, katika toleo lake la 1.1 la mwaka 2004, ni wa wazi, na karibu kila programu ya ramani duniani inausoma.

Vifaa vya zamani zaidi, kama GPSMAP 60CSx, havionyeshi pointi namna hiyo. Ukivichomeka kama flashi utaona kadi ya kumbukumbu pekee, na pointi zilizo tumboni mwa kifaa hazitaonekana. Wengi huhitimisha hapo kwamba zimepotea, wakafuta kila kitu. Hazijapotea, zinataka programu inayozungumza lugha ya kifaa hicho. MapSource na BaseCamp huweza. GPSBabel, programu ya bure inayotafsiri miundo mingi ya mafaili, huweza pia. Idara ya Maliasili ya jimbo la Minnesota, Marekani, ilitengeneza DNRGPS kwa ajili ya wafanyakazi wake wa porini na kuigawa bure. Huchukua pointi kutoka kwenye kifaa na kuzigeuza moja kwa moja kuwa mafaili ambayo maafisa wa ramani na programu ya QGIS huyatumia.

Tofauti ya kukumbuka ni kwamba Garmin Express, ambayo watu huifungua kwanza, si chombo cha kufanyia kazi na pointi. Huijua kampuni na kifaa chako. Shimo lako hailijui.

Tarakimu zinapohama

Kuna wanaokwepa haya yote kwa kunakili tarakimu kwenye daftari kutoka kwenye kioo. Daftari ni zuri kama nakala ya ziada, lakini kama njia kuu lina mitego mitatu, na yote huonekana midogo.

Wa kwanza ni mtindo wa digrii. Vifaa vya Garmin huja vikionyesha digrii na dakika, tuseme S 0° 58.500'. Hizo ni digrii 0.975. Karani akiziandika 0.58500, pointi inaruka kilomita 43 kuelekea kaskazini na kuangukia kaunti ya Homa Bay.

Wa pili ni namba za UTM, mfumo unaoandika mahali kwa mita badala ya digrii. Migori iko kwenye ukanda wa 36, na namba ya kaskazini hapa ni kama 9,890,000, kwa sababu kusini mwa ikweta huongezwa milioni kumi. Ukiiambia kompyuta kwamba namba hiyo ni ya upande wa kaskazini, itaipeleka jirani na Ncha ya Kaskazini. Garmin huandika 36 M, M ikiwa herufi ya ukanda wa latitudo. Mtu akiandika 36S akimaanisha kusini, programu nyingine huisoma S kama herufi ya ukanda, na ukanda wa 36 S uko Bahari ya Mediterania, upande wa Kupro.

Wa tatu ndio wenye hila zaidi, nao ni datamu, yaani msingi ambao koordineti zimehesabiwa juu yake. GPS hutumia WGS 84. Ramani za karatasi za Survey of Kenya za kipimo cha 1:50,000, ambazo bado hutandazwa mezani katika ofisi nyingi, zilitumia Arc 1960. Namba ya Arc 1960 ikitiwa kwenye kifaa kilichowekwa WGS 84, itakupeleka karibu mita 300 kaskazini ya unapotaka, na kiasi fulani magharibi. Mita 300 zinaweza kuzidi upana wa eneo zima la kikundi kimoja cha wachimbaji. Kosa hili halikupeleki Homa Bay wala Mediterania ili ulicheke. Hukuweka kwenye shamba la jirani, mahali panapoaminika kabisa.

Uzito wa umbali kama huo unajulikana vizuri pwani ya Nyatike. Nje ya Muhuru Bay kiko kisiwa cha Migingo, mwamba wa chini ya ekari moja uliojaa mabati na wavuvi wa mbuta. Kenya na Uganda zilipokigombania, wapimaji walitumwa ziwani mwaka 2009 kuutafuta mstari wa mpaka ulioelezwa katika amri ya kikoloni ya 1926. Matokeo yaliyotangazwa mwishoni mwa Julai yalionyesha kisiwa kiko mita 510 ndani ya Kenya. Nchi mbili zilikuwa zikibishana juu ya umbali ambao mtu huutembea kwa dakika saba, na koordineti za mwaka 1926 haziwezi kulinganishwa na za satelaiti kabla ya kuulizwa zimejengwa juu ya msingi gani.

Faili la GPX hukuepusha na mitego yote mitatu kwa mpigo. Kanuni ya muundo huo inataka koordineti ziwe digrii za desimali katika WGS 84, hata kama kioo cha kifaa kimewekwa Arc 1960 au UTM. Mpangilio wa kioo hubadilisha kile unachokiona, faili halibadiliki. Basi toa faili, halafu acha QGIS au mpimaji aligeuze apendavyo.

Utaratibu wa kazi

Kwa yote yaliyosemwa, utaratibu wa kusasisha unakuwa kinyume cha ule unaofuatwa na wengi. Anza na kazi ya nne: toa pointi zote kwenye kifaa, uzifungue kwenye kompyuta na uhakikishe zinasomeka. Hapo ndipo uangalie tarehe, na kama imekosea au kuna kasoro nyingine unayoijua, sasisha mfumo kwa programu ya kampuni husika, betri zikiwa mpya. Kipeleke kifaa nje kikae mahali peupe hadi kishike satelaiti. Ramani iwe ya mwisho, na iwekwe tu ikiwa kuna mtu atakayeitumia.

Baada ya sasisho, ingia kwenye mipangilio na ukague mtindo wa digrii na datamu, kwa kuwa sasisho la mfumo linaweza kurudisha mipangilio ya kiwandani. Kisha rudi kwenye sehemu moja isiyohama, kona ya jengo la shule kwa mfano, ambayo pointi yake unayo tangu zamani, na uipige upya. Zikipishana mita chache, kifaa kiko sawa. Zikipishana mita 300, unajua pa kutazama.

Ikumbukwe pia kwamba kifaa cha mkononi hakichukui nafasi ya mpimaji mwenye leseni. Mgogoro wa mpaka ukifika mahakamani, vipimo vyake ndivyo vitakavyosikilizwa. Lakini mpimaji hulipwa kwa siku, na kikundi kinachomkabidhi faili safi la GPX humwondolea kazi ya kuzunguka akiulizana na wazee jiwe la pembe liko wapi.

Nakala ya faili hilo isikae kwa mtu mmoja. Katibu awe nayo kwenye simu, mweka hazina kwenye flashi, na nyingine itumwe kwa barua pepe ya kikundi. Jina la faili litaje mahali, tarehe halisi na WGS84, ili atakayelifungua baada ya miaka kumi, kwa programu ambayo leo haijaandikwa, asilazimike kumtafuta aliyelitengeneza.